Nondo Zinapoliwa na Kutu: Kupima na Kukarabati Slabu, Boriti na Balkoni za Nyumba za Pwani

Ukiona mstari wa kahawia kwenye dari ya zege, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, usitume mtu kununua rangi. Hapo nyuma yake kuna nondo inayooza. Kutu hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma iliyokila, na zege, linalostahimili kukandamizwa lakini halina ubavu wa kuvutwa, hupasuka kwa msukumo huo. Huanza ufa mwembamba unaoifuata nondo, kisha uvimbe unaoonekana ukimulika tochi kwa ubavu, mwishowe kipande cha kilo kadhaa kinaanguka na nondo inabaki uchi.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, iwe Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, huu ndio ugonjwa wa kwanza kuushuku. Na kosa ni lile lile kila mahali: kugonga kilicholegea, kupitisha brashi ya waya, kupiga lipu, kupaka rangi. Masika mawili yakipita, kiraka kinavimba tena, na safari hii kutu imehamia kandokando yake. Fundi alitibu jeraha bila kujua kilichouma. Slabu iliyoingiwa na chumvi haitibiwi kama slabu iliyoingiwa na hewa ukaa, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha.

Kilichokuwa kinailinda nondo

Zege bichi na zege zima lina pH ya 12.5 hadi 13. Katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba sana unaokizuia kushika kutu, hata maji yakiwepo. Utando huo huvunjwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni hewa ukaa. Inapenya taratibu kutoka nje, inakula chokaa iliyomo kwenye saruji na kushusha pH hadi karibu 9. Mwendo wake hupungua kadiri inavyozama: ikiwa imeingia milimita 10 katika miaka 10, milimita 20 itazifikia mwaka wa 40, si wa 20. Ndiyo maana unene wa zege linaloifunika nondo, yaani kava, ndio bima ya jengo. Kava ikipungua kwa nusu, muda wa nondo kubaki salama unabaki robo. Slabu iliyomwagwa nondo zikiwa zimelala juu ya mbao bila biskuti (vipande vya zege vya kuinulia nondo), au zimeinuliwa kwa vipande vya kokoto vilivyoteleza zege lilipomwagwa, ina kava ya milimita 5 hapa na 15 pale. Hapo hewa ukaa itaifikia nondo kabla mtoto aliyezaliwa mwaka wa ujenzi hajamaliza shule.

Njia ya pili ni chumvi. Kloraidi iliyomo ndani yake haihitaji kushusha pH; inatoboa utando moja kwa moja, penye nukta moja moja. Kipimo kinachotumika sana kama mpaka wa hatari ni kloraidi inayofikia asilimia 0.4 ya uzito wa saruji iliyomo. Chumvi huja kwa upepo wa bahari, au iliingizwa siku ya kumwaga zege: mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, au maji ya kisima cha chumvi. Kutu ya hewa ukaa husambaa sawasawa juu ya nondo. Ya chumvi huchimba vishimo, na nondo inaweza kukatika ndani huku nje kukiwa na ufa mdogo tu. Ukibomoa ukakuta kutu nyeusi au ya kijani, yenye majimaji, inayogeuka kahawia mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, jua kwamba una kesi ya chumvi.

Soma ufa kabla ya kushika nyundo

Si kila ufa ni kutu. Ufa unaoifuata nondo, na unaojirudia kila sentimita 15 au 20 sawa na nafasi za nondo, ni wa kutu, hasa ukiwa na doa la kahawia. Lakini nyufa zinazofuata nondo kwa juu ya slabu zilizoonekana siku ile ile ya kumwaga ni za zege kushuka likiwa bado bichi. Nyufa fupi za kukatiza, zisizo na mpangilio, zilizotokea saa chache baada ya kumwaga kwenye jua na upepo, ni za kukauka haraka. Kasoro yake kubwa ni kwamba zinafungulia maji na chumvi mlango.

Nyufa zinazopaswa kukusimamisha ni hizi: ufa wa mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, unaopanda kwa takriban nyuzi 45, ufa wa wima kwenye nguzo, hasa zege la pembeni likianza kubabuka na nondo kupinda nje, na ufa wa juu ya balkoni pale inapokutana na ukuta. Ukiona mojawapo, watu watoke chini yake, egemeza, kisha mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa. Mwongozo huu hauchukui nafasi yake, na kwa nguzo usibomoe hata sentimita bila hesabu yake.

Upana wa ufa upimwe kwa kadi ya plastiki yenye mistari ya unene mbalimbali. Kama huna, karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1; shika karatasi tatu pamoja, linganisha ukingo wake na ufa, na hapo umepata milimita 0.3, kiwango ambacho ufa wa zege lenye nondo haupaswi kukivuka kwa kawaida. Tangi la maji linataka ufa usiozidi 0.2. Ukingo wa kadi ya benki ukiingia, umevuka 0.7.

Kujua kama ufa ungali unatembea, gundisha kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa kwa rojo ya saruji kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, na weka alama ya penseli pale ncha ya ufa ilipoishia. Kioo kikivunjika, ufa uko hai. Ngoja angalau miezi mitatu, na ikiwezekana upitie kiangazi na masika, kwa kuwa ardhi ya mfinyanzi hunywea na kuvimba kwa majira.

Nyundo, dawa ya waridi na unga wa drili

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua nyundo ya nusu kilo na chaki, gonga uso mzima kwa hatua za sentimita 15 hadi 20. Zege zima hulia kavu, ti, ti, na nyundo inaruka mkononi. Lililoachana na nondo hulia kama debe tupu na nyundo inazama kidogo. Chora mpaka wa kila eneo linalolia tupu. Karibu kila mara eneo hilo ni kubwa kuliko lile lililovimba kwa macho, mara mbili au tatu yake, na ndilo litakalokupa bajeti halisi. Onyo moja: lipu iliyoachana na zege nayo hulia tupu, kwa hiyo bandua lipu sehemu mbili tatu uhakikishe unachosikia ni zege lenyewe.

Kipimo cha pili ni fenoftalini, ile dawa ya maabara za shule. Mchanganyiko wake ni gramu 1 kwa mililita 70 za spiriti na 30 za maji. Vunja kipande kipya cha zege kwa tindo hadi usawa wa nondo, pangusa vumbi kwa brashi kavu, nyunyiza. Palipo na waridi kali zege bado linailinda nondo. Pasipobadilika rangi hewa ukaa imeshapita. Pima kwa rula kutoka uso wa nje hadi waridi inapoanzia, kisha pima kava. Ikiwa isiyo na rangi ni milimita 22 na kava ni 18, hewa ukaa imeshaifikia nondo. Ikiwa isiyo na rangi ni milimita 8 na kava ni 25, lakini nondo ina kutu, mwizi ni mwingine: tafuta chumvi. Usinyunyizie juu ya uso uliokatwa kwa grenda yenye maji wala kwenye shimo lenye unga wa drili, maana vumbi la zege lisiloguswa litapaka waridi kila mahali na kukudanganya.

Kwa chumvi, toboa kwa drili na kusanya unga kwa vina tofauti: milimita 5 hadi 20, 20 hadi 40, 40 hadi 60. Tupa milimita 5 za mwanzo. Kila kina kiwe na mfuko wake wa nailoni, gramu 20 au 30, wenye jina la boriti na kina. Futa drili kila unapobadili kina. Usikusanye kwa mkono wenye jasho, jasho lina chumvi. Maabara ya vifaa vya ujenzi itakupa asilimia ya kloraidi, na umbo la majibu ndilo lenye habari. Ikiwa nyingi iko nje na inapungua kuelekea ndani, imeletwa na upepo wa bahari, na unaweza kuondoa tabaka lililoathirika. Ikiwa kina cha kwanza na cha tatu vinakaribiana, chumvi ilichanganywa ndani tangu siku ya kwanza. Hapo viraka peke yake ni kuahirisha, na mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla hajatoa fedha.

Kuna vipimo vingine ambavyo mhandisi anaweza kuvitaka. Kipimo cha volti za nondo kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba: usomaji ulio hasi kupita milivolti 350 unaonyesha uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kwamba kutu inaendelea mahali hapo. Nyundo ya Schmidt hupima ugumu wa uso, lakini zege lililoingiwa na hewa ukaa huwa gumu juu na kutoa namba kubwa kuliko nguvu yake halisi. Hapo kitu cha kuaminika ni kukata sampuli za mviringo za kipenyo cha milimita 100 na kuzikandamiza maabara, baada ya kutafuta nondo ziko wapi ili usizikate.

Egemeza kwanza

Ukibomoa zege nyuma ya nondo za chini za slabu, nondo hizo zimeacha kufanya kazi. Kwa hiyo jeki za chuma au mirunda iliyonyooka isimame kwanza, chini ya mbao za 2 kwa 4 zilizolazwa kukatiza nondo kuu, kila mita 1 hadi 1.2. Zikazwe mpaka ziguse imara, zisiinue slabu. Slabu ikiinuliwa katikati hupasuka kwa juu. Kama ni ghorofa ya pili, mirunda ishuke hadi ardhini, floo kwa floo, ikifuatana kwa mstari mmoja, la sivyo umehamishia mzigo kwenye slabu ya chini ambayo haikuandaliwa kuubeba. Ondoa matangi, tofali na mchanga uliorundikwa juu.

Balkoni ina kanuni yake. Imetokeza nje bila nguzo, kwa hiyo nondo zake kuu ziko *juu*, si chini. Mara nyingi wabeba karai wakati wa kumwaga zege walizikanyaga zikashuka katikati ya unene, na balkoni ikabaki na nusu ya nguvu iliyopangiwa. Nondo za juu zikiliwa na maji yanayotuama kwenye vigae, hakuna kitakachoanguka kwa chini kukuonya. Ondoa vigae mita moja kutoka ukutani uangalie. Na usipitishe tindo juu ya balkoni kabla mirunda ya ukingo wa nje haijasimama.

Kubomoa kwa kipimo

Ongeza mpaka wa chaki uwe mstatili, upite eneo linalolia tupu kwa angalau sentimita 5. Kata ukingo kwa grenda, kina cha milimita 10, bila kugusa nondo. Kama kava ni ndogo, punguza kina. Ukingo uwe wa kusimama. Kiraka kinachoishia kwa kuchonga wembamba kama chapati hubanduka mwaka huo huo, maana ule ukingo mwembamba hukauka kabla saruji haijashika.

Kisha bomoa kwa tindo au nyundo ndogo ya umeme. Nyundo kubwa ya kubomolea barabara hupasua hata zege zima lililo nyuma, na unapata kiraka kilichoshikilia vipande vilivyolegea. Bomoa mpaka uizunguke nondo yote: nyuma yake pabaki nafasi ya milimita 20 angalau, mkono wenye brashi uweze kupita. Mafundi wengi huishia nusu ya nondo kwa sababu upande wa mbele umeshasafishika. Upande wa nyuma, usioonekana, unabaki umelala kwenye zege lenye chumvi na nusu ya mbele kwenye mota mpya, na tofauti hiyo hugeuza nondo moja kuwa betri.

Fuata nondo hadi uikute safi, kisha endelea sentimita 5 nyingine. Ikiwa unamfuata kutu hadi mwisho wa boriti na haoni haya, simama, rudi kwa mhandisi.

Nondo: kusafisha na kuhesabu

Brashi ya mkono haitoshi isipokuwa kwa kazi ndogo sana. Tumia brashi ya waya ya grenda, na kwenye vishimo vya chumvi inahitajika kupuliza mchanga au maji yenye msukumo mkubwa. Nondo iwe na rangi ya chuma pande zote. Osha kwa maji matamu. Nondo uliyoisafisha asubuhi ikishageuka nyekundu mchana, vishimo bado vina chumvi: osha, sugua, osha tena.

Sasa pima kipenyo kwa kalipa, mahali palipoliwa zaidi. Macho hayatoshi hapa, na hesabu itakuonyesha kwa nini. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ikibaki milimita 10, eneo ni 78.5. Milimita 2 tu zimeondoka, na nguvu imepungua kwa asilimia 31. Nondo ya 16 iliyobaki 14 imepoteza asilimia 23. Hasara ikifika asilimia 20, chukulia kwamba nondo ya nyongeza inahitajika, na mhandisi aamue. Nyongeza ifungwe sambamba, ikipita sehemu iliyoliwa kwa urefu wa vipenyo 50 kila upande: kwa nondo ya 12 ni milimita 600 kwenda na 600 kurudi. Ndiyo, ina maana ya kubomoa zaidi. Kuchomelea kipande kifupi huonekana njia ya mkato, ila moto hudhoofisha baadhi ya nondo. Asichomelee mtu ambaye hajui ni aina gani. Ringi, yaani nondo nyembamba zinazozizunguka nondo kuu, zilizokatika zirudishwe, maana ndizo hukatika za kwanza kwa kuwa ziko nje zaidi.

Nondo safi ipakwe rangi ya kinga yenye saruji, mikono miwili ya milimita 1 kila mmoja, siku ile ile. Rangi ya mafuta hairuhusiwi: mota haishiki juu yake.

Kwa kesi ya chumvi kuna jambo la ziada, na ndilo hueleza ule utata wa viraka vinavyozaa viraka. Kabla ya ukarabati, sehemu iliyokuwa ikioza ilikuwa ikiwalinda majirani zake, kama mtu anayejitwisha mzigo wa wote. Ukiisafisha na kuizungushia mota nzuri, majirani wanaanza kuoza wao, pale pale kwenye ukingo wa kiraka. Dawa yake ni anodi ndogo za zinki zinazofungwa kwa waya wake kwenye nondo safi, ndani ya shimo, karibu na ukingo, kwa kawaida kila sentimita 30 hadi 70 kulingana na wingi wa nondo na maelekezo ya mtengenezaji. Zinki inaoza badala ya nondo. Ukizitumia, usijaze kwa mota ya epoksi, kwa sababu inazuia umeme mdogo unaoifanya anodi iwe na kazi.

Kujaza

Lowesha zege la zamani kwa maji matamu kuanzia jana yake. Wakati wa kujaza liwe limeshiba maji ndani lakini uso usiwe na maji yanayong'aa. Zege kavu hunyonya maji ya mota na kuiacha unga kwenye maungio.

Mota bora ni ya mifuko, iliyotengenezwa kwa ukarabati wa zege linalobeba mzigo: daraja R3 ina nguvu ya kukandamizwa ya angalau MPa (megapaskali) 25, R4 ya angalau 45. Kwa slabu ya kawaida ya nyumba R3 inatosha mara nyingi. Mota ngumu mno juu ya zege dhaifu huling'oa zege lenyewe. Kama haipatikani, changanya kwa uzito: saruji 1 ya daraja 42.5 kwa mchanga wa mto 2.5, safi, mkavu, uliochekechwa, na maziwa ya SBR (kimiminika cheupe cha mpira wa viwandani kinachoongeza mshiko) lita 10 kwa kila kilo 50 za saruji, maji kidogo kidogo mpaka mota ikae mkononi bila kutiririka.

Tuseme shimo ni mita 1 kwa nusu mita, kina cha milimita 60. Hiyo ni lita 30. Ongeza sehemu ya kumi ya upotevu upate 33. Utahitaji kilo 20 za saruji, kilo 50 za mchanga, lita 4 za SBR, na maji yanayokaribia lita 4. Usichanganye vyote kwa mara moja. Changanya kinachokwisha ndani ya nusu saa, na mota iliyoanza kukaza isifufuliwe kwa maji, itupwe.

Paka kwanza rojo ya kushikisha: SBR kipimo 1, saruji vipimo 1.5 hadi 2, kwa brashi ngumu, ukisugua hadi nyuma ya nondo. Mota ifuate rojo ikiwa bado inanata. Rojo ikikauka imegeuka kuwa kizuizi, ikwangue upake upya. Gundi nyeupe ya mbao ambayo baadhi ya maduka huiuza kama mbadala hulainika tena ikipata unyevu. Haifai nje, haifai bafuni, haifai chini ya slabu ya paa.

Shindilia mota kwa kidole chenye glavu nyuma ya nondo kwanza, kisha jaza mbele. Kwa dari, tabaka lisizidi milimita 20 hadi 25. Chana uso wake kwa ncha ya mwiko, ngoja likaze, kisha tabaka linalofuata. Ukilazimisha milimita 60 kwa mkupuo, itaning'inia kwa uzito wake na kuacha ombwe la hewa juu ya nondo, usilolijua mpaka ugonge baada ya mwezi. Palipozidi milimita 60 au 70 na eneo ni kubwa, tengeneza boksi la mbao lisilovuja na mimina zege laini la kokoto ndogo za milimita 10. Kwa boriti au nguzo boksi liwe na mdomo ubavuni, juu kidogo ya mwisho wa kiraka, ili zege lipande hadi lijaze, na mdomo ukatwe baadaye. Kwa slabu, toboa matundu kutoka juu umiminie humo, mengine yatoe hewa.

Usiweke kava nyembamba kuliko inavyotakiwa ati kiraka kiende sawa na dari ya zamani. Kama nondo iko milimita 10 kutoka usoni, kiraka kivimbe nje milimita 15 au 20. Kitaonekana, na hakuna ubaya.

Kumwagilia, pasipo na SBR, ni siku 7. Chini ya dari ambako magunia hayakai, bana nailoni kwa mbao na lowesha ndani yake asubuhi, mchana na jioni. Mota yenye SBR ifunikwe kwa unyevu siku ya kwanza hadi ya pili, kisha iachwe ikauke polepole kivulini, maana maziwa yake yanahitaji kukauka ili yatengeneze utando. Mota ya mifuko ifuate maandishi ya mfuko wake. Maji ya chumvi kwa kumwagilia ni sawa na kuuza dawa na kununua ugonjwa. Mirunda isitoke kabla ya siku 14, na palipofungwa nondo za nyongeza, siku 28.

Matundu ya zege na nyufa zilizolala

Matundu kama sega la nyuki kwenye nguzo au boriti hutokana na vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishindiliwe) kukosekana, boksi kuvujisha rojo, au zege kumwagwa kutoka juu sana, zaidi ya mita 1.5. Gonga, toboa: yakiwa ya juu juu, chonga hadi zege zima na ujaze kama hapo juu. Yakivuka nondo na kupita upande wa pili wa nguzo, hiyo si kazi ya mwiko. Na kuyapaka lipu kabla mkaguzi hajafika ni udanganyifu.

Ufa usiotembea, wa milimita 0.2 au zaidi, unaweza kuzibwa kwa sindano ya epoksi. Puliza vumbi, bandika vichuchio (vimidomo vya kuingizia epoksi) juu ya ufa kwa umbali unaokaribia unene wa boriti, ziba uso wote kati yake, ngoja ukauke. Kwenye ufa wa wima anza chini. Epoksi ikitokeza kichuchio cha juu yake, ziba hiki na uhamie kile. Ukiona unasukuma bila kikomo, kuna ombwe ndani au inatokea upande wa pili. Ufa unaotembea usiupe epoksi: utashika hapo, ufunguke sentimita mbili pembeni. Unaovuja maji unataka poliyurethani. Ufa wa kutu hauchomwi sindano kabisa, unabomolewa.

Maji yalitoka wapi

Kutu haiendi bila maji na oksijeni. Fuatilia bafu la juu, tangi linalofurika, maji ya kiyoyozi yanayodondokea ukingo wa slabu, paa la zege lisilo na mteremko. Chini ya ukingo wa balkoni chonga mfereji wa milimita 10 hadi 15, sentimita 3 kutoka ukingoni, ili matone yadondoke badala ya kutambaa hadi kwenye dari. Kiraka kikishakauka vizuri, uso mzima wa nje upakwe rangi inayozuia hewa ukaa, si kiraka peke yake.

Siku ya 28 rudi na ile nyundo ya nusu kilo. Gonga kila kiraka na sentimita 30 kukizunguka. Kinacholia tupu kibomolewe chote, kisizibwe kwa sindano. Vilivyobaki chora kwenye ramani ya slabu: namba ya kiraka, kina, kipenyo cha nondo kilichobaki, tarehe, aina ya mota. Mpe mwenye nyumba nakala, na kila mwaka baada ya masika agonge tena, akianza na kingo za viraka.